Daftari la baba: novena ya Huruma kutoka Unguja mpaka Pemba, Pasaka 2025

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua ya masika imetupiga toka Darajani mpaka Shangani, nimeingia kanisa la Minara Miwili viatu vinanyonya maji lakini saa tisa ilikuwa haijafika, na hilo ndo nililotaka, kuiwahi ile saa aliyokufa Yesu. Leo naanza novena ya Huruma ya Mungu. Inaanza Ijumaa Kuu, inaisha Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Huruma, siku tisa, kila siku na watu wake wa kuwaombea. Leo ni wakosefu wote, dunia nzima. Mwaka huu nitaisali njiani, na nitaandika siku kwa siku maana nisipoandika leo kesho nitaanza kuipamba.

Safari yenyewe ni ya madeni ya baba.

Baba alifariki Januari. Kiharusi. Alilala siku mbili hajitambui, padre akaja akampaka mafuta, alfajiri ya siku ya tatu akaondoka. Hakuungama, maana mdomo ulikuwa haufunguki. Na kilichotuuma sote nyumbani ni kwamba baba alikuwa na miaka 24 hajakomunika, hajapokea mwili wa Kristo. Misa alikuwa haikosi, hapa hapa Minara Miwili, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ikifika wakati wa komunyo anatoka nje anasimama kwenye ngazi mpaka watu warudi kukaa. Sisi watoto tuliona imani imepoa. Mama alilia sana juu ya hilo, miaka na miaka. Kwenye jumuiya walisema mzee yule ana lake.

Baada ya arobaini tukafungua sanduku lake la vyombo. Chini ya randa na patasi, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kaunta buku. Ukurasa mmoja tu umeandikwa, mistari sita. Mlango. Samadari. Kabati. Madirisha manne ya madrasa. Kitanda. Kabati la vyombo. Mbele ya kila kitu jina la mtu au mahali, na hela.

Baba alikuwa fundi seremala Wete tokea 1985, kabla sijazaliwa. Januari 2001 Pemba ikachafuka, watu wakapigwa risasi, wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni Kenya, na baba akiwa mtu wa bara akaona hapakaliki, akatuchukua usiku tukaja Unguja. Nilikuwa na miaka kumi na nne nakumbuka boti tu na mama amenishika mkono mpaka unauma. Nisichojua ni kwamba aliondoka na advansi za watu sita. Hela za mbao, amezila njiani na kwenye kodi ya chumba cha kwanza Unguja.

Lakini angalia hapa. Mstari wa mlango umeandikwa 20,000, imekatwa. Pembeni 35,000, imekatwa. 60,000 kwa kalamu nyekundu, imekatwa. Halafu 110,000 kwa mkono unaotetemeka. Mistari yote sita iko hivo hivo. Kila mbao ikipanda bei baba anafungua daftari, anajipandishia deni. Miaka 24 anajihukumu peke yake ndani ya sanduku la vyombo na hakumwambia mtu.

Jumla ni laki nane. Tumeuza mashine yake ya kuranda laki sita, mbili zimetoka kwenye rambirambi. Ninazo, zimefungwa kwenye leso.

Nimeubusu Msalaba leo nikiwa nawaza jambo moja. Kanisa linatufundisha kwamba mtu akifa anahukumiwa pale pale, ile hukumu ya mtu binafsi, haingoji siku ya mwisho. Kwa hiyo baba kashahukumiwa toka Januari, na sisi ndo kwanza tunafungua daftari.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Foleni ya kuungama ilikuwa ndefu mpaka nje. Nilipomaliza nikamngoja padre hadi akatoka kiti cha maungamo, nikamuonesha daftari, nikamuuliza moja kwa moja, Padre, huyu yuko wapi?

Hakunijibu haraka. Kwanza akasema mpako wa wagonjwa, kwa mtu asiyeweza tena kuungama na moyoni alikuwa anajuta, unaondoa dhambi, hilo ni fundisho la Kanisa si maneno ya kufariji wafiwa. Halafu akaliinamia daftari, akapitisha kidole kwenye zile hela zilizokatwakatwa, akasema huyu mtu alikuwa anajuta kila bei ya mbao ilipopanda. Pili akasema deni la haki halifutwi na kitubio peke yake, kilichochukuliwa kinarudishwa, ndo maana Zakayo hakuishia kusema nisamehe, alisema nitarudisha mara nne. Baba yenu ameacha mashine, mashine ni mali, mali ina deni, mmefanya sawa. La tatu ndo nimelibeba. Akasema, wewe unahesabu siku, Januari, Aprili, lakini Mungu yuko nje ya kalenda, sala unayosali leo ilikuwa mbele yake ile alfajiri.

Nilirudia hiyo sentensi kwenye daladala mpaka Bububu.

Siku ya pili ya novena ni ya mapadre na watawa. Tulipopita Betras nikafanya ishara ya msalaba, maana ndipo alipopigwa risasi Padre Evarist Mushi, Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, akienda kusalisha misa. Mimi siku ile nilikuwa na hasira nikasema waliofanya hivi Mungu awachome. Leo nimesali kwa ajili yao nikiwa nimebanwa kati ya kapu la samaki na dirisha, na sikusikia chochote moyoni, lakini nimesali.

Mzee wa mlango anakaa Bububu siku hizi, mama alikuwa anajua kwake. Alikuwa karani Wete, sasa kastaafu. Alipolisikia jina la baba akacheka, akaniambia "Mwanangu, mlango? Nilishamsamehe siku ile ile nilosikia kaondoka, kwa hali ilivokuwa ningemdai nani?" Nikamwekea laki na kumi mkekani. Akairudisha. Nikaiweka tena. Mwisho akachukua elfu kumi, akasema hii nachukua ili roho yako itue, nyengine nunua mchele wa Pasaka.

Usiku Mkesha, taa zote zimezimwa, mshumaa mmoja unaingia gizani. Benchi la mwisho lilikuwa na mtu mwengine.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Leo nimeziombea roho aminifu, tukala pilau, tukagombana. Kaka anasema hela hizi zingeezeka jiko la mama, na watu wa Pemba hata kumkumbuka baba hawamkumbuki. Ami akamwambia, wao kukumbuka au kutokumbuka ni lao, sie tushajua. Kaka akanyamaza. Mama hakusema neno, alikwenda ndani akarudi na picha ya Yesu wa Huruma, ile ndogo ya mfukoni, akaitia ndani ya daftari kwenye ukurasa wenyewe.

Mchana tumemuona Papa Fransisko kwenye simu ya mpwa wangu, ametoka kuwabariki watu Roma, sauti haipo kabisa. Mama akasema, kachoka yule.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Boti ya asubuhi, Malindi. Bahari ilikuwa tulivu mpaka tulipoipita Nungwi, hapo mkondo ukaanza kazi yake. Mfanyakazi wa boti anapita anagawa mifuko ya kutapikia. Hakuna Mzanzibari anayepita pale bila kukumbuka usiku wa 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikienda Pemba na watu waliojaa kupita kiasi. Watu wakaanza kusoma dua kimyakimya, mmoja mmoja, unaona midomo tu.

Nikatoa rozari. Ile sala fupi ya Huruma, Faustina aliipata Vilnius mwezi Septemba 1935. Alikuwa sista tu wa jikoni, bustanini na mlangoni, wa Poland, skuli alisoma chini ya miaka mitatu. Alimuona malaika amekuja kuipiga dunia kwa hukumu, akaanza kumsihi angoje, dua zake hazifui dafu, mpaka akasikia ndani ya moyo maneno yale, akayasali, na malaika akashindwa kupiga. Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu, utuhurumie sisi na dunia nzima. Mimi hii habari niliisikia toka mtoto na nikaielewa vibaya, nilidhani Mungu Baba ana hasira na Yesu anamzuia mkono. Leo boti inapanda inashuka nimeona tofauti, kwamba maneno yenyewe ya kuizuia hukumu yalitoka kwa yule yule mwenye hukumu. Amekupa mwenyewe cha kumwambia.

Siku ya nne ya novena ni wale wasiomjua bado Yesu. Pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja wa Mkoani, kajifunika buibui, tasbihi mkononi, na mimi rozari mkononi, tunasali bega kwa bega boti inatupiga. Niliona uzito kumuweka yule kwenye sala ya "wasiojua". Nikamuombea tu kwa jina alilonitajia. Yeye kila boti ikidondoka anasema ya Rahmani ya Rahim, ewe mwingi wa rehema. Baadaye akanipa ndimu ninuse.

Tulipoikaribia Mkoani mtandao ukarudi, simu za boti nzima zikaanza kulia kwa pamoja. Yangu ilikuwa na meseji kumi na saba kutoka kundi la jumuiya. Papa amefariki. Asubuhi hii hii. Jana tu tumemuona. Nikalia kwa sauti, sikujali, na bi mkubwa akauliza amekufa nani kwenu? Nikamwambia Papa. Akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, poleni sana mwanangu, akanishika mkono mpaka tukafunga gati.

Jumapili yake ya kwanza ya kutoka dirishani, Machi 2013, Fransisko alisema Mungu hachoki kusamehe, ila sisi ndo tunachoka kuomba. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya misale yangu. Baba alikuwa hajachoka kujuta. Alichoka kuomba, au hakuthubutu, sijui.

Deni la Mkoani, samadari, 150,000. Alipokea mtoto wa mwenyewe, akahesabu mara mbili, akasema sawa. Hakunikaribisha hata maji, na haki yake.

Jumanne, 22 Aprili

Chake Chake. Siku ya tano, ndugu zetu waliotengana na Kanisa, nimeisali ndani ya gari imejaa mno.

Mwenye kabati alishafariki. Wanawe wanne wakaitwa, wanaume wawili wanawake wawili, wakakaa barazani, na mkubwa hakuigusa hela mpaka amechukua karatasi akaandika mirathi: 40,000, 40,000, 20,000, 20,000. Pale pale akagawa. Halafu wakainua mikono wakamsomea marehemu wao, na baba yangu wakamtia humo humo kwenye dua. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Nimeona watu wanavyoogopa kula cha mtu hata pale ambapo kimekuja chenyewe mlangoni.

Jumatano, 23 Aprili

Wete. Nimefikia kwa masista, chumba kidogo kina neti na dirisha linatazama mgomba. Mtaa tuliokuwa tunakaa siukumbuki, nilikumbuka harufu tu, karafuu iliyolala muda mrefu ndani ya gunia. Karakana ya baba sasa ni duka la vocha na sabuni.

Siku ya sita ni wapole, wanyenyekevu na watoto wadogo, na leo ndo zamu ya madrasa. Sikupanga ikutane hivyo.

Maalimu ni mzee sasa, jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kwenye jamvi nje, ndani watoto kama thelathini wanasoma kwa sauti moja wanayumba. Nikafungua daftari. Madirisha manne, laki mbili. Alilichukua daftari akalisogeza karibu kabisa na lile jicho zima, akalisoma muda mrefu. Akauliza, hizi alizokata ni nini? Nikamweleza, mbao zikipanda anaandika upya. Akasema "Lahaula."

Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyosema. "Mie fundi nilishamsamehe. Haki yangu mie, ile ya kunisumbua na kunidanganya, nimeisamehe na Mungu shahidi. Lakini hizi si zangu. Hizi zilichangwa na wazee wa watoto, ni wakfu, mie sina ruhusa ya kusamehe cha watoto. Hizi napokea." Akahesabu, akamwita kijana, akamwambia andika kwenye buku la madrasa, jina la fundi, tarehe, amelipa.

Amelipa. Kijana aliandika vile, si "mwanawe amelipa". Nikaomba nilione lile buku, nikaweka kidole juu ya neno.

Nimefika kitandani bado nafikiri. Katekisimu nzima niliyofundishwa juu ya haki na huruma sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa kwenye lile jamvi. Nilikuwa nadhani huruma ni mwenye duka kufunga daftari na kusema yaishe. Maalimu amesamehe na amepokea, vyote viwili, kwa dakika moja na hakuona ugumu. Madirisha hayakuwekwa, mvua iliwanyeshea watoto miaka ile, na Mungu anayesema hilo si kitu atakuwa hawapendi wale watoto.

Na alipokuwa ananisindikiza akaniuliza kama kwenye maziko ya baba ilitangazwa, anayemdai marehemu ajitokeze. Nikasema hapana, sisi hatuna desturi ile. Akasema basi Ijumaa baada ya sala nitaitangaza mie.

Alhamisi, 24 Aprili

Konde. Leo ni siku ya wanaoitukuza huruma ya Mungu, na nilidhani itakuwa siku nyepesi.

Bibi wa kitanda alinipokea amesimama. Nikajieleza, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akasema "Weye ndo wa fundi. Mwanangu kaolewa bila kitanda." Alimuozesha binti yake Februari 2001, kitanda kikalipiwa, siku ya harusi chumba kitupu, bibi harusi kalala kwenye godoro la kuazima chini, watu wa upande wa mume wakacheka, na lile neno likamfuata binti mpaka ndoa ikavunjika mwaka wa tatu. Sijui kama ndoa ilivunjika kwa kitanda. Lakini yeye anajua hivyo na ameishi nalo.

Nikaweka 140,000. Akachukua. Nikaomba, bibi tunaomba umsamehe marehemu. Akaikunja hela taratibu, akaitia ndani ya kanga, akaifunga fundo, akasema "Hela yangu nimechukua. Hilo jengine siliwezi leo, na sitokudanganya."

Nilishukuru, nikaondoka. Kwenye gari ya kurudi Wete nililia kuliko hata siku ya Papa. Nikamtoa Yesu wa Huruma kwenye daftari, mionzi miwili, mwekundu na mweupe, damu na maji yaliyotoka ubavuni Yohane anavyosema, na chini yameandikwa Yesu nakutumainia. Faustina alimuona hivyo Plock, 22 Februari 1931, akiwa chumbani kwake. Kuna pahali ameandika kwamba Yesu alimwambia, asiyetaka kupita mlango wa huruma itabidi apite mlango wa haki. Baba alikuwa anatengeneza milango. Mlango wa Kizanzibari mzuri una bawa mbili, na mbao ya katikati ya kuzifunga. Nimekaa nawaza kwamba yeye miaka yote ile aliuona mlango mmoja tu, wa haki, akausimamia nje, pale kwenye ngazi.

Yule bibi nimemuombea. Sikumuombea asamehe, hilo si langu kumpangia. Nimemuombea binti yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya nane, roho za toharani, wale wanaotakaswa baada ya kufa. Kwenda Kojani, kutafuta "mke wa nahodha, kabati la vyombo, 80,000". Unavuka kwa mtumbwi, maji ni ya kijani, watoto wanaogelea pembeni wanashika ukingo. Kojani ni wavuvi, kila nyumba ya pili ni ya nahodha. Na wanaume wa Kojani wanakwenda dago, wanapiga kambi za uvuvi miezi na miezi, Unguja, Tanga, mpaka Kenya, wengine wanachukua familia hawarudi. Nimeuliza nyumba kumi na moja. Fundi wa Wete? Kabati? Mwaka gani? Bibi mmoja akaniambia wake wa manahodha wa mwaka ule nusu wako kaburini, na nusu wako Tanga.

Nimekaa ufukweni kwenye gogo nikasali rozari ya Huruma ikiwa saa tisa kamili. Lile neno la Mathayo kwamba hutatoka humo mpaka umelipa senti ya mwisho, wazee wa Kanisa walilisoma wakafikiria toharani, na mimi nimeshika senti za mwisho mkononi na hakuna wa kumpa. Nimemwambia baba kwa sauti, nimefika, nimeuliza, hayupo. Samahani.

Padre wa Wete jioni kasema mwenyewe akikosekana kabisa, hela wanapewa maskini kwa nia yake. Ila akasema usiharakishe.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, Wete bendera kila pahali. Saa tano mchana tumekaa kwa masista mbele ya luninga, Wakristo wachache wa hapa, polisi wawili, mwalimu, wanawake na watoto, tunamzika Papa kwa mbali. Jeneza la mbao. Baba angetazama jeneza kabla ya makardinali. Kuna upepo unafungua kurasa za Injili juu yake. Sista mmoja akasema na huyu naye amesimama mbele ya Hakimu kama sisi sote. Baadaye wakamzika Maria Maggiore, kaburi limeandikwa Franciscus tu.

Ya tisa leo. Roho zilizo vuguvugu.

Hii siku miaka yote nimeisali kwa jina la baba. Faustina anasema Yesu alimwambia hizi ndizo zinazomuumiza kuliko zote, na mimi nilikuwa kila nikifika hapa namuona baba kwenye ngazi za Minara Miwili, mgongo wake, kofia mkononi, nasema Bwana huyu hapa mtu wako wa vuguvugu, mpashe moto. Nilisali hivyo mwaka jana. Nilisali hivyo mbele ya mama na mama akasema amina.

Leo nimefungua kitabu nimeshindwa kulitaja jina lake. Mtu wa vuguvugu haandiki bei ya mbao mara nne. Aliacha kukomunika kwa sababu aliamini kile kilichoko mezani, aliamini mno, akaona hawezi kula pale na huku anakula cha watoto wa madrasa. Alikosea, angeungama angerudishwa, na madeni angelipa kidogo kidogo, padre yeyote angemwambia hivyo. Lakini hakuwa baridi. Mimi nilimhukumu miaka 24 kwa kumtazama mgongo.

Kwenye nafasi ya jina nimeweka langu.

Jumapili ya Huruma, 27 Aprili

Yohane Paulo wa Pili ndo aliiweka hii Jumapili kwa Kanisa zima, 30 Aprili 2000, siku aliyomtangaza Faustina mtakatifu. Yeye mwenyewe alifariki mkesha wake, 2 Aprili 2005. Kanisa la Wete ni dogo, mvua ilipiga bati mpaka padre akanyamaza katikati ya mahubiri tukangoja. Injili ya Tomaso, milango imefungwa Yesu akaingia. Nimekomunika kwa nia ya rehema kamili, ile ya kufutiwa adhabu yote ya dhambi, nimemuelekezea baba. Nilipotoka kwenye foleni nikapita kwa mlangoni, nikasimama kidogo pale nje kwenye ngazi, mvua inanirushia, halafu nikarudi kukaa.

Nilipanga kuondoka kesho. Jioni hii sista akaniita, una wageni. Maalimu yupo na mzee mmoja wa Limbani, kaja kwa baiskeli, suruali imejaa tope. Tangazo la Ijumaa alilisikia kwa mkwewe. Maalimu akasema huyu ana neno. Mzee akawa anaona haya, anazungusha kofia, mwisho akasema si kitu kikubwa, ila walitangaza na mie nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimemficha marehemu. Fundi alichukua kwake mbao mbili za mvule, wiki ile ile ya mwisho, akamwambia nakuletea hela Jumamosi.

Nikafungua daftari, nikatazama mistari yote sita juu mpaka chini. Mvule haumo. Ama alisahau, ama siku ile anaandika tayari alikuwa boti, sijui.

"Kwa bei ya leo ni kiasi gani baba?" nikamuuliza.

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, futi kumi na mbili, inchi sita, mbili. Nikatafuta kalamu kwenye mkoba, nikaandika chini ya mwandiko wa baba, mstari wa saba.